Mtaa rafiki kwa wazee Moshi mjini: jinsi ya kupanga simu, kengele na taa za sola zikafanya kazi kweli

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee wenye maeneo 8: maeneo ya wazi na majengo, usafiri, makazi, ushiriki katika jamii, heshima na kutotengwa, ushiriki wa kiraia na ajira, mawasiliano na taarifa, halafu huduma za jamii na afya. Teknolojia haimo kama eneo la peke yake. Kazi yake ni kusaidia hayo manane, na mtaa ukianza na vifaa badala ya kuanza na shida ya mzee, fedha huishia kwenye vifaa vinavyokaa kabatini.

Mwongozo huu ni kwa serikali za mitaa, mabaraza ya wazee, vikundi vya vijana na watoto wa wazee wanaoishi mbali. Mifano ni ya Moshi mjini, ila mtaa wa Arusha unaweza kuifuata bila kubadili mengi. Kanuni moja itawale kila hatua: kabla kifaa hakijanunuliwa, andikeni jina la mtu atakayekiitikia na jina la fundi atakayekitengeneza. Majina hayo yasipopatikana, fedha isitoke.

Hatua ya 1: Tembeeni na wazee wenyewe

Chagueni wazee sita hadi wanane ambao hawafanani: anayetembelea mkongojo, mwenye mtoto wa jicho, asiyesikia vizuri, bibi anayelea wajukuu na kubeba mzigo. Nendeni njia wanayopita kweli, kwa mfano kutoka Majengo hadi Hospitali ya Mawenzi, au kutoka nyumbani Pasua hadi kituo cha hiace. Safari moja isizidi mita 800. Nendeni mara mbili: saa 1:30 asubuhi, wakati wa kliniki, na saa 12:30 jioni giza linapoanza kuingia. Njia ileile huwa na hatari nyingine kabisa jioni.

Vifaa ni tepu ya kupimia, chaki na simu janja moja yenye programu ya KoboCollect, ambayo hujaza fomu hata pasipo intaneti na kuzituma baadaye. Fomu isizidi maswali kumi. Rekodini mtaro usio na mfuniko na upana wake, ukingo wa barabara unaozidi sentimita 15, ngazi zisizo na kishikio, sehemu yenye giza, bodaboda zilizoegeshwa njia ya miguu, na umbali ambao mzee alilazimika kutembea bila mahali pa kukaa. Moshi ni mji wa mteremko, kutoka Shanty Town na Rau juu hadi Pasua na Njoro chini, kwa hiyo andikeni pia kama mzee alikuwa anapanda au anashuka. Kupanda humaliza pumzi. Kushuka ndiko kunakoangusha, hasa penye changarawe juu ya lami au saruji.

Kosa la kawaida hapa ni kuiamini alama ya ramani kupita kiasi. Simu ya kawaida hukosea mita 5 hadi 10, na chini ya miti mikubwa hukosea zaidi. Subirini hadi usahihi unaoonekana kwenye fomu ushuke chini ya mita 5, na bado andikeni kwa maneno: “mbele ya duka la dawa, upande wa geti la kijani.” Fundi atakayekuja kufunika mtaro ataisoma sentensi hiyo, wala hatahangaika na namba za ramani. Mabenchi, kingo za barabara na taa mnaweza kuviingiza kwenye ramani huru ya OpenStreetMap kwa programu ya StreetComplete, ambayo huuliza maswali mepesi ukiwa umesimama pale pale. Nyumba za wazee wanaoishi peke yao zisiwekwe kamwe kwenye ramani ya wazi.

Kwenye vivuko, pimeni mwendo. Choreni mistari miwili ya chaki yenye umbali wa mita 10 mahali tambarare, mzee aanze kutembea mita 3 kabla ya mstari wa kwanza, na saa ya simu ihesabu kati ya mistari. Sekunde 12.5 ni mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde. Vivuko vingi husanifiwa kwa mwendo wa mita 1.2. Barabara yenye upana wa mita 7 kijana huivuka kwa sekunde 6, mzee huyu anahitaji 9. Barabara pana mara mbili ya hiyo, isiyo na kisiwa katikati, inamtaka asubiri nafasi ya sekunde 18 pande zote mbili, na nafasi hiyo karibu na kipilefti saa za jioni haipatikani. Ombi lenye namba hizi, picha na tarehe hujibiwa kwa uzito kuliko ombi la “tunaomba matuta.” Lipelekwe panapohusika: barabara kuu na za mkoa, ikiwemo ya kwenda Arusha, ziko chini ya TANROADS, za mitaani ziko chini ya TARURA. Barua ikienda ofisi isiyo yake hukaa.

Hatua ya 2: Daftari la wazee

Kila mzee anayekubali aandikwe jina, anwani ya makazi (jina la mtaa na namba iliyo kwenye kibao cha nyumba), simu yake, jirani wa karibu, ndugu wa mbali na lugha anayoielewa vizuri. Waulizeni kama wanasoma ujumbe wenyewe au wanasomewa, kwa sababu jibu hilo ndilo litakaloamua kama atatumiwa ujumbe au atapigiwa.

Habari za ugonjwa zisiandikwe humo kama si lazima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na inawataka wanaokusanya taarifa za watu kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Muulizeni afisa sheria wa halmashauri kabla hamjaanza. Ridhaa ichukuliwe kwa maandishi au dole gumba, mbele ya shahidi ambaye mzee mwenyewe amemchagua. Nakala ikae kwa mtendaji wa mtaa, kabatini na kwa kufuli. Orodha ya wazee wanaoishi peke yao ikirushwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa imeshakuwa orodha ya wezi na matapeli, na haifutiki tena.

Hatua ya 3: Simu iliyopangwa kwa mkono na macho ya mzee

Wazee wengi wana kitochi, na kwa wengi wao kitochi ndicho kifaa sahihi. Chaji hukaa siku kadhaa, vitufe vinahisika kwa kidole, na tochi ipo. Msikibadilishe kwa sababu tu mtoto ameleta simu janja. Kipangeni hivi. Majina muhimu yaanze na herufi A na namba: A1 Jirani, A2 Bajaji, A3 Mwanangu, ili yawe juu kwenye orodha. Wekeni upigaji wa haraka, kubonyeza 2 kwa muda kumpigie jirani. Chagueni mlio mzito, si ule mwembamba wa kulia kama ndege, kwa sababu umri hupunguza kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba. Maandishi yawe makubwa kabisa. Namba tatu ziandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi na kubandikwa ukutani pia, kwa siku ambayo simu imezima.

Simu janja inafaa kwa anayetaka kuwaona wajukuu au kutuma ujumbe wa sauti. Lugha iwe Kiswahili, maandishi na alama vikuzwe, skrini isizime kabla ya dakika 2, na kwenye mipangilio ya ufikivu ongezeni muda wa kugusa na kushikilia, maana kidole kinachotetemeka husababisha simu ifungue vitu visivyotakiwa. Ukurasa wa mbele ubaki na alama nne: simu, WhatsApp, tochi, kamera. Zimeni upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja ndani ya WhatsApp. Usipozimwa, kifurushi huisha kabla ya siku mbili na mzee husema simu mbovu. Skrini ikikataa kuguswa, mara nyingi ngozi ya kidole ni kavu au kioo cha kinga ni kinene. Paka mafuta kidogo na ufute, au kitoeni kioo hicho.

Kwenye simu nyingi za Android toleo la 12 na kuendelea, kubonyeza kitufe cha kuwashia mara 5 mfululizo huita namba ya dharura, na namba hiyo inaweza kubadilishwa iwe ya jirani. Jaribuni mbele ya jirani huyo. Polisi ni 112, Zimamoto 114, na namba ya bure ya Wizara ya Afya kwa ushauri ni 199, lakini mzee aliyeanguka sakafuni anamhitaji kwanza mtu anayeweza kufika kwa dakika tano.

Kufundisha kuna siri moja: mwalimu asiishike simu. Jambo moja kwa siku, dakika 30, na mkono wa mzee ndio ubonyeze hata kama unakosea mara sita. Kijana anayechukua simu na kusema “leta babu nikufanyie” amemfundisha babu kumngoja kijana. Wakati mzuri ni Desemba, watoto wanapopanda kutoka Dar na simu mpya za zawadi. Simu hizo zipangwe na kufanyiwa mazoezi kabla wenyewe hawajashuka Januari.

Laini nayo ina tatizo lake. Usajili ni kwa alama za vidole, na vidole vilivyolima kahawa na migomba miaka 40 huwa vimesagika. Mzee anawe kwa maji ya uvuguvugu, apake mafuta kidogo, afute, kisha ajaribu vidole vyote kumi, kwani cha kati au cha mwisho mara nyingi kimehifadhika kuliko gumba. Epukeni njia ya mkato ya kusajili kwa jina la kijana wa nyumba ya jirani. Siku wakikosana, au kijana akihama, fedha zilizo kwenye laini ile si za mzee kisheria. Kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake apige *106#.

Hatua ya 4: Kengele ya msaada

Hapa ndipo fedha ndogo hufanya kazi kubwa kuliko mahali popote. Kengele ya mlango isiyo na waya, zile zinazouzwa madukani zikiwa na kitufe kimoja au viwili na kipokezi, inatosha kuunganisha chumba cha mzee na nyumba ya jirani.

Nunueni yenye vitufe viwili na kipokezi kinachotumia betri za kawaida, au kinachotumia umeme na betri vyote. Kile cha kuchomeka kwenye soketi peke yake hufa umeme unapokatika, yaani usiku uleule wa giza ambao mzee hujikwaa. Angalieni betri ya kitufe ni ya aina gani (nyingi ni ndogo ya volti 12 au ya duara ya volti 3), mhakikishe inapatikana mjini, na mnunue mbili za akiba palepale.

Umbali ulioandikwa kwenye boksi, mita 150 au 300, ni wa uwanja mtupu. Kuta za bloku, nondo na mabati huukata sana. Kabla ya kupigilia chochote, mtu mmoja aingie bafuni kwa mzee na kufunga mlango, mwingine asimame kitakapokaa kipokezi kwa jirani. Bonyezeni mara kumi. Zilie mara kumi. Ikilia mara tisa, hamisheni kipokezi kwenye dirisha linalotazama upande ule au mkipandishe juu, mjaribu tena. Kama nyumba mbili za jirani zina kengele za aina moja, badilisheni msimbo wa mojawapo kwa kufuata karatasi yake, vinginevyo mzee wa nyumba ya tatu atabonyeza na watu watakimbilia nyumba ya nne.

Kitufe cha kwanza kiwe shingoni kwa kamba inayoachia ikivutwa kwa nguvu. Kamba ngumu ikinasa kitasa cha mlango ni hatari. Cha pili kiwe bafuni au chooni, sentimita 25 kutoka sakafuni. Watu hukiweka kwenye kimo cha swichi ya taa, mita moja na zaidi, wakisahau kuwa atakayekihitaji amelala chini. Kiwe kinachostahimili maji ya kurushwa, na mbali na bomba.

Tatizo kubwa kuliko yote ya ufundi ni aibu. Mzee huona anamsumbua jirani, hujiambia atanyanyuka tu, na saa nne zinapita sakafuni. Dawa yake ni salamu ya asubuhi: kila siku kabla ya saa 2 mzee hubonyeza mara moja, maana yake nimeamka salama. Isipolia hadi saa 2:30, jirani anakwenda kupiga hodi. Utaratibu huu unaijaribu betri kila siku, unamzoesha mzee kubonyeza, na unamfanya jirani awe na sababu ya kuitikia. Kengele zilizofungwa bila salamu ya asubuhi husahaulika mapema. Tunasisitiza hili kwa sababu ndilo huachwa kwanza watu wanapokuwa na haraka.

Mpangieni jirani msaidizi wake. Mtu mmoja hawezi kuwa nyumbani siku zote 365. Akisafiri, kipokezi kihamie kwa wa pili na mzee aambiwe. Wafundisheni wote wawili kutomnyanyua aliyeanguka kwa kumvuta mikono. Akilalamika maumivu ya nyonga au kiuno, au mguu mmoja ukionekana mfupi au umepinda, afunikwe, asinyanyuliwe, gari litafutwe.

Kwa mzee aliye mbali na majirani kuna vitufe vyenye laini ya simu ndani, ambavyo hupiga na kutuma ujumbe wa mahali alipo. Vinavyotumia mtandao wa 2G viwe na masafa ya megahezi 900 na 1800; vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani pekee, vyenye 850 na 1900, havitashika mtandao hapa. Namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) iliyo kwenye boksi itumeni kwenda 15090 kuona kama ni halali, maana vifaa vyenye IMEI bandia vilianza kufungiwa Juni 2016. Ondoeni namba ya siri (PIN) ya laini kwa kuiweka laini hiyo kwanza kwenye simu ya kawaida, kwa sababu kifaa hakina mahali pa kuiandikia. Namba za kupigiwa ziandikwe kwa mwanzo wa +255. Ndani ya nyumba kifaa hakioni setilaiti, kitatuma mahali pa mwisho kilipokuwa nje, kwa hiyo msitegemee ramani, tegemeeni daftari. Na laini iwekewe salio na itumike. Isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni.

Kuhusu kamera ndani ya chumba cha mzee: hatuzishauri. Hazimnyanyui aliyeanguka, zinakula kifurushi, na zinamvunjia heshima mtu mzima nyumbani kwake.

Hatua ya 5: Taa

Anzeni na taa ndogo kabla ya nguzo. Kwenye nyumba zenye choo cha nje, njia kati ya mlango wa chumba na choo ndiyo njia ya usiku ya mzee. Balbu ya wati 3 ya sola, ikiwekwa kimo cha sentimita 40 hadi 50 na kumulika chini, inaonyesha ngazi na mfereji bila kumchoma macho. Taa moja kali iliyo juu ya mlango humtupia kivuli chake mwenyewe mbele anapotembea.

Kwa taa ya nguzo ya mtaani, msinunue kwa kusoma “wati 500” ubavuni. Hesabuni wenyewe. Chukueni taa ya wati 15 za kweli: saa 5 za mwanzo ikiwaka yote ni wati-saa 75; saa 7 zinazobaki ikipungua hadi wati 5 ni wati-saa 35. Jumla 110 kwa usiku. Moshi hufunikwa na mawingu wakati wa masika na tena Juni hadi Agosti, hivyo betri ibebe usiku 3: 110 mara 3 ni 330. Betri isitumike zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo inatakiwa ya wati-saa 412, sawa na ampea-saa 32 kwenye volti 12.8. Iwe ya lithiamu iliyoandikwa LiFePO4. Ya asidi hufa haraka ikimalizwa mara kwa mara. Paneli: tukichukulia saa 3.5 tu za jua kamili siku ya mawingu na upotevu wa asilimia 30, wati 45 zinarudisha matumizi ya usiku mmoja. Wekeni wati 70 au 80 ili betri iliyoshuka ipate kupanda tena.

Moshi iko nyuzi 3 kusini ya ikweta. Paneli ilale kwa nyuzi kama 10 ikitazama kaskazini: miezi ya mawingu ya Juni na Julai jua liko upande huo, na mteremko huo unatosha mvua ioshe vumbi. Nguzo iwe na mita 4 hadi 5 juu ya ardhi na karibu mita moja ndani ya zege. Kivuli cha jakaranda kikifunika hata kona ya paneli, umeme hushuka sana. Angalieni saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri, si saa sita tu.

Rangi ya mwanga iwe ya uvuguvugu, kelvini 3000 au chini. Taa nyeupe za bluu zinazojaa sokoni humpofusha kwa muda mwenye mtoto wa jicho, na akitoka chini yake haoni mtaro. Kihisi mwendo kisizime taa kabisa. Kiishushe hadi theluthi, na kikiamka kikae walau dakika moja. Vingi hupangwa sekunde 15 au 20, na mzee hubaki gizani katikati ya kivuko. Kupima kama mwanga unatosha, simameni katikati ya nguzo mbili usiku: mzee aweze kumtambua mtu anayemfahamu umbali wa mita 4. Kama hawezi, ongezeni taa hapo au sogezeni nguzo. Fedha zikiwa chache, wekeni taa kwenye kivuko cha mtaro, kona na ngazi, badala ya kuzitawanya kwa umbali sawa.

Chini ya taa wekeni benchi. Kimo sentimita 45, liwe na egemeo na vishikio vya mikono, kwa sababu bila vishikio kuinuka ni kazi. Kwenye mteremko, benchi kila mita 50 si mengi mno.

Hatua ya 6: Bajaji kwa simu ya kawaida

Hapahitaji programu mpya. Chagueni madereva watano wa kijiwe cha karibu, namba moja ya kupokea, na nauli za safari za kawaida (Mawenzi, KCMC, soko la Mbuyuni, stendi) zilizokubaliwa na kuandikwa. Dereva aitafute nyumba kwa anwani ya makazi kwenye programu ya NaPA. Mtoto aliye mbali amlipe dereva moja kwa moja kwa simu, ili mzee asitembee na fedha. Asubuhi za kliniki wazee watatu wa mtaa mmoja wapande pamoja, na dereva awaache karibu na mlango, si geti la nje. Hospitalini waulize dirisha la wazee.

Hatua ya 7: Matapeli

Ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii” bado unakamata watu, pamoja na wa mtoto aliyepata ajali na wa zawadi uliyoshinda bila kucheza. Mfundisheni mzee tabia moja tu: fedha haitumwi kwa ujumbe, inatumwa baada ya kusikia sauti ya mtu kwa namba aliyoihifadhi mwenyewe. Mkubaliane na familia neno la siri, kama jina la mbuzi wa zamani, ambalo mtoto halisi atalijua. Namba ya siri ya M-Pesa au nyinginezo aibonyeze mwenyewe hata kwa wakala. Asiyeweza kuona vitufe afundishwe kuhesabu kwa kidole kuanzia kitufe cha 5, ambacho kwenye vitochi vingi kina kinundu. Namba ya tapeli itumwe 15040 bila malipo.

Hatua ya 8: Fedha na matunzo

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutolewa kama mikopo kwa uwiano wa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Uzee peke yake haupo kwenye orodha hiyo. Njia inayowezekana ni kikundi cha vijana mafundi wa taa na simu, au wa bajaji, kuomba mkopo kama biashara yao, huku mtaa ukiwa mteja wao kwa mkataba wa matengenezo. Kwa nguzo na mabenchi, ombi lipitie mkutano wa mtaa na kamati ya maendeleo ya kata, likiwa na ramani ya hatua ya kwanza.

Katika kila fedha ya vifaa, tengeni sehemu moja kati ya tano kwa matunzo ya mwaka. Jumamosi ya kwanza ya mwezi mtu mwenye jina lake kwenye daftari apite nyumba kwa nyumba: abonyeze vitufe vyote, atazame salio la laini, afute paneli kwa maji na kitambaa, ajaribu A1, A2 na A3 kwenye simu kama bado zinapatikana. Watu hubadili namba bila kusema.

Taa inayowaka jioni na kuzima saa 4 usiku, kwanza futa paneli, kisha angalia kivuli kipya cha tawi, na betri iwe ya mwisho kushukiwa. Kengele inayolia yenyewe mara nyingi ina msimbo uliogongana na ya jirani. Inayolia hafifu ina betri iliyochoka kwenye kipokezi, na isiyolia kabisa kitufe chake kimeingia maji: fungueni, kausheni kivulini, badilisheni betri. Nati za betri za nguzo ziwe zile zenye spana yake maalumu, spana moja kwa fundi na nyingine kwa mtendaji. Mkichomelea kila kitu kuzuia wizi, fundi naye hatafika ndani.